Mkono Ukifa Ganzi, Kagua Pikipiki Kwanza

Wiki ya kwanza bodaboda wengi hudhani kitakachouma ni makalio. Jioni wanakuta ni viganja, na asubuhi yake kushika kikombe cha chai ni kazi. Kabla hujameza dawa, angalia maumivu yako wapi hasa, maana kila sehemu ina mshukiwa wake.

Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono unabanwa. Mara nyingi ni mkono wa kulia, na sababu ni kifundo kukaa kimepinda kwenye eksileta muda mrefu. Ikiwa kidole cha mwisho na cha pete ndivyo vimekufa, umeegemea kitako cha kiganja, yaani uzito wa mwili wako umeuweka kwenye usukani. Mkono wa kushoto ukiuma kuanzia shina la dole gumba hadi kwenye kigasha, hiyo ni klachi. Na viganja vyote viwili vikiendelea kuwasha na kutetema hata baada ya kushuka, ni mtetemo wa chombo.

Tuanze na klachi, kwa sababu hapa Malindi ndiyo inayotesa zaidi. Kutoka sokoni hadi Maweni unaibana na kuiachia mara zisizohesabika, huku tuktuk zikikukatia mbele. Hewa ya chumvi na mchanga mwembamba huingia ndani ya kebo, waya unashika kutu, nayo klachi inakuwa nzito kidogo kidogo bila wewe kugundua. Zima injini, uivute kwa vidole viwili. Ikikataa mpaka uongeze cha tatu na cha nne, ina shida.

Dawa yake ni ya nusu saa. Legeza kirekebishi kilicho pale kwenye mkono wa klachi, ukizungushe mpaka mfereji wake ulingane na ule wa mkono wa klachi, kisha chomoa kichwa cha kebo. Isimamishe wima. Chukua kipande cha mfuko wa plastiki, ukikunje kama faneli, ukifunge kwa mpira kwenye mdomo wa kebo, halafu tia oili safi ya injini kijiko kimoja kimoja huku ukiuchezesha waya juu na chini. Mwanzo itatoka nyeusi yenye kutu kule chini. Endelea mpaka itoke safi. Bolti ya egemeo la mkono wa klachi ipake grisi kidogo. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika karibu na kichwa, usipoteze oili, nunua kebo mpya. Wakati wa kurudisha, hakikisha kebo haijapinda kona kali wala haijakazwa pamoja na waya wa taa au wa chaja ya simu.

Ukishafunga, mkono wa klachi uwe na mchezo wa kama milimita 10 hadi 20 ukipima nchani. Ukiubana bila mchezo, klachi inateleza na kuungua. Ukiulegeza mno, utavuta hadi mwisho na gia bado zinasaga, na vidole vinafanya kazi maradufu.

Sasa pembe. Pikipiki nyingi hutoka dukani mikono ya klachi na breki ikiwa imelala bapa, na mwenye kuipokea hudhani ndivyo ilivyoumbwa. Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, legeza mabega, nyoosha vidole mbele. Vidole vinatakiwa kuangukia juu ya mkono wa klachi huku mgongo wa kiganja na kigasha vikiwa mstari mmoja. Ikibidi uinue kifundo ili kuufikia, legeza bolti za kishikio kinachoufunga kwenye usukani kwa spana, kwenye pikipiki nyingi ni namba 10, uuzungushe ushuke kidogo. Fanya vivyo hivyo upande wa breki. Usikaze kwa hasira: kishikio kikiweza kuzunguka kidogo pikipiki ikianguka, mkono wa klachi au wa breki haukatiki.

Eksileta ina kosa lake maalumu. Mgeni hushika kifundo kikiwa kimeshashuka, kisha akivuta mafuta kinashuka zaidi, na hapo ndipo mshipa unapobanwa. Shika ukiwa umesogeza kiganja mbele, kifundo kimeinuka kidogo, ili ukifika mwendo wa kawaida kiwe kimenyooka. Mshiko uwe wa mshazari kama unayezungusha kitasa cha mlango, nguvu ikiwa kwenye vidole viwili vya mwisho. Eksileta ikiachiwa irudi yenyewe kwa kishindo. Ikisita, vua raba unayoshika, safisha mchanga ndani ya bomba kwa kitambaa kikavu. Grisi nyingi humo ni kuukaribisha mchanga mwingine.

Kuhusu uzito: usukani ni wa kuelekezea, si wa kujishikilia. Bana tangi kwa magoti, viwiko vipinde kidogo, ujaribu kuchezesha vidole kama unapiga kinanda huku chombo kinatembea polepole. Ukishindwa, umeegemea. Abiria wawili hukusukuma mpaka ukalie tangi, na hapo hakuna pembe ya klachi itakayokuokoa. Sheria yenyewe inaruhusu mmoja tu. Wakati wa kaskazi, ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, upepo unakuja usoni na mtu huanza kuning'inia kwenye usukani bila kujua. Inama kidogo kutoka kiunoni, mikono iache ilegee.

Kwenye njia za vumbi za upande wa Marafa, zile zilizojikunja kama bati, kadiri unavyokaza ndivyo mtetemo unavyopanda hadi kwenye bega. Simama kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakamate tangi, uache usukani ucheze mikononi. Mchangani pia gurudumu la mbele litatafuta njia lenyewe, ukilibishia, litakuangusha. Wapo wanaojaza upepo hadi tairi liwe jiwe, eti kuokoa mafuta. Fuata kipimo cha kijitabu cha chombo chako. Kaza bolti za injini, na mnyororo usiuache mkavu.

Kuna ule mtindo wa kufunga raba ya mkono kwa vipande vya tyubu ili iwe laini. Laini inakuwa, lakini inanenepa, na kitu kinene kinataka nguvu zaidi kukishika. Ukikamata na ncha za vidole zikabaki mbali na kiganja, punguza. Glavu nazo zisibane wala zisiwe na mshono katikati ya kiganja. Za pamba zikilowa jasho huteleza, ukaongeza kukaza.

Ukiwa steji usishike simu muda wote. Kung'uta mikono, nyoosha mkono mbele, vuta vidole nyuma taratibu kwa sekunde 20, kila upande mara mbili.

Ganzi ikikuamsha usiku, vitu vikikuponyoka, au nyama ya shina la dole gumba ikianza kubonyea, nenda hospitali. Kuna bendi ngumu ya kulalia inayonyoosha kifundo, na ikianza mapema husaidia. Na ukianguka ukajizuia kwa kiganja, bonyeza kile kijishimo kilicho chini ya dole gumba upande wa mgongo wa mkono. Kikiuma, kapige picha ya eksirei, na usimruhusu mtu akuchue. Picha ya kwanza inaweza kutoonyesha ufa, kwa hiyo daktari akikufunga na kukuambia urudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha ya pili, rudi, hata kama maumivu yamepungua.