Mwanangu, Kabla Hujailipia Ile Vitz

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani baada ya isha, nikaona nikuandikie, maana mambo haya hayasemeki kwa simu yakaisha. Umesema umepata gari, Toyota Vitz ya mwaka 2011, kwa mtu pale Bamburi, rangi ya fedha, injini ya lita 1.0, mita inasoma kilomita 78,000, na mwenyewe anataka laki sita na nusu. Mjomba wako anakwambia gari dogo ni kununua matatizo, heri usubiri mwaka mwingine upate gari la maana. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa nimeendesha Vitz miaka 11: uzuri wake ni upi, na ubaya wake ni upi?

Gari la aina hiyo linakufaa. Hilo la Bamburi lenyewe silijui bado. Watu huku hununua jina. Wakisikia Vitz, mkono mfukoni. Mimi nataka kwanza kujua limeishi wapi, limeoshwa kwa maji gani, na limenyweshwa maji gani.

Uzuri nitausema haraka kwa sababu mwingi umeshauona. Tangi lake ni lita 42 tu. La kwangu nilikuwa nikilipima kwa kujaza mpaka juu na kuandika kilomita kwenye kijidaftari: njia ya Mtwapa bila foleni lita moja ilinipeleka kama kilomita 17, na kwenye foleni ya Buxton na AC imewaka, kama 12. Wewe unayepanda matatu mara nne kwa siku kutoka Bombolulu hadi Kikambala na kurudi, hesabu hiyo utaifanya mwenyewe. Spea zake ziko kila duka, mpya na za kutumika, na hakuna fundi Mombasa hii asiyewahi kuifungua. Linageuka padogo, linaegeshwa popote.

Na kuna hili ambalo sijawahi kukwambia sawasawa. Mwaka ule wa mwisho wa babako, nilipokuwa nikimpeleka kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, teksi kubwa zilikuwa zikitusubiri kule barabarani, na hatua zile hamsini babako hakuziweza tena. Vitz ilikuwa inaingia kichochoroni kwetu. Nilikuwa nairudisha kinyumenyume, vioo nimevikunja, ukuta huku na ukuta kule, mpaka mlango wa kushoto ukutane na kizingiti. Anakaa, namnyanyulia miguu, twende. Mjomba wako akikwambia gari dogo si gari, nyamaza tu, lakini mimi najua lilichonifanyia.

Sasa ubaya, na nianze na feri, kwa sababu umesema utakuwa unakuja Likoni kila wikendi. Vitz iko chini, yapata sentimita 14 kutoka ardhini. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, mteremko wa kuingia feri huwa mkali, na bampa la mbele hukwaruza hata ukienda kwa adabu. Ukifika hapo ingia polepole, mguu kwenye breki, usifuate haraka za wanaopiga honi nyuma. Ukiwa na watu wanne, waombe washuke wavuke kwa miguu. Barabara ya Dongo Kundu ipo, unaweza kuzungukia Miritini ukafika kwangu bila kuvuka maji, ila kwako wewe wa Bombolulu ni mzunguko mrefu.

Bampa ni plastiki, litabadilishwa. Kinachonitia hofu ni chumvi. Pale pa kuingilia feri huwa kumelowa maji ya bahari, na kila ukipita matairi yanayarusha chini ya gari. Ongeza upepo wa pwani usiku na mchana. Kwa hiyo ukienda kuliangalia, usianze na boneti. Beba kanga kuukuu, tandika, lala chini. Angalia kingo zilizo chini ya milango na pale springi za nyuma zinapokalia. Chukua bisibisi ugonge taratibu kwa mpini: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa, kama ubao uliolowa. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi ilhali rangi ya paa imechujuka, muulize mwenyewe amepaka lini na kwa nini. Nyanyua pia zulia la buti. Shimo la tairi la akiba likiwa na maji au kutu, au zulia la mbele likinuka uvundo, huenda gari limewahi kuingia mafuriko ya masika. Na hakikisha tairi lenyewe la akiba lipo, kwa sababu baadhi ya magari madogo yanatoka Japani na chupa ya dawa ya kuziba pancha tu.

Kisha maji ya ndani. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu mimi hili limenigharimu. Visima vingi vya mjini kwetu maji yake ni ya chumvi, nawe unajua chai yake ilivyo. Gari langu nililinunua kwa mwenzangu wa kazini, mtu mwema kabisa, lakini fundi wake alikuwa akiongeza rejeta kwa maji ya kisima, dumu baada ya dumu. Vitz haina mshale wa kuonyesha joto la injini. Ina taa mbili: ya buluu ukiwasha injini ikiwa baridi, na nyekundu ikishachemka. Katikati ya hizo mbili huambiwi kitu. Mchana mmoja wa Februari, nikiwa Kibarani naelekea Changamwe, ile nyekundu ikawaka, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ukawa unatoka kwenye boneti. Nilipofungua kifuniko baada ya saa nzima, nikaona ukoko mweupe umegandia mdomoni mwa rejeta kama ule wa ndani ya birika, na maji rangi ya matope. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilikuwa imepinda. Nililala siku tisa bila gari na akiba ya miezi minne ikaenda.

Kwa hiyo, injini ikiwa baridi, na iwe baridi kweli, fungua kifuniko cha rejeta uchungulie. Unataka kuona kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi safi, nyekundu au waridi. Ukiona maji matupu, kutu au ukoko, ondoka, hata akikupunguzia laki moja. Ukishalinunua, ni kulanti peke yake, na ukilazimika njiani, maji ya chupa. Na linapooshwa, mwambie kijana amalizie kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi, chini kabisa, hasa siku uliyovuka feri.

Kuhusu injini yenyewe. Ile ya lita 1.0 ina silinda 3, kwa hiyo ukisimama kwenye taa usukani utatetemeka kidogo. Usiogope, ndivyo ilivyo. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na cheni hiyo hudumu ukibadilisha oili kwa wakati. Nguvu yake ni farasi 70 hivi. Ya lita 1.3 ya umbo hilohilo ina kama 95, na tofauti hiyo utaisikia ukipanda Mazeras na abiria wanne, AC imewaka, trela mbele yako. Njia yako ya kila siku ni tambarare tupu, lita 1.0 inatosha. Ila umesema Desemba ungependa kwenda Nairobi nalo. Hizo ni kilomita karibu 480 katikati ya malori, na kwa injini hiyo kulipita trela kunataka nafasi ndefu kuliko unavyodhani. Nakuomba kama mama, hiyo safari panda treni pale Miritini. Nikikujua uko kwenye treni nitalala.

Gia zake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za kubadilisha. Zinakwenda laini, lakini hazisamehe oili isiyo yake. Zina oili yao mahususi, na fundi akitia ile ya otomatiki za kawaida anaziua polepole. Ukilijaribu, simama kabisa, kisha ondoka taratibu. Likitikisika kama mtu anayepiga kwikwi, au likilia uuuu kadiri unavyoongeza mwendo, hizo gia zimechoka, na kuzibadilisha ni gharama kubwa.

Sasa mita. Miaka niliyokuwa karani kwa mawakala wa forodha pale Kilindini niliyaona magari haya yakishuka melini, na mita zake nilikuwa naziandika mimi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo lako la 2011 lilifika si baadaye ya 2019. Namba yake ya usajili inayoanza na KC inasema hivyohivyo, kwani za KD zilianza 2020. Haya, tuseme Japani lilikaa miaka 6 likitembea kilomita 8,000 tu kwa mwaka. Hizo ni 48,000. Tangu lifike hapa lingekuwa limebakiwa na 30,000 peke yake kwa miaka yote hii, Bamburi na mjini kila siku! Huenda lilikuwa la bibi wa kwenda msikitini tu, lakini mwenye gari athibitishe kwa risiti za sevisi. Tazama pia raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani. Mita hurudishwa nyuma, pedali hairudi.

Jingine ni mifuko ya hewa, na hili watu wa pwani tungelijali kuliko wote. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitwa irudishwe dunia nzima, kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na mfuko ukifyatuka kile kifaa cha kuujaza hewa hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Toyota na Honda ziliita magari yao mengi, Vitz na Fit zikiwamo. Joto na unyevu, mwanangu, ndiyo Mombasa yote hiyo. Chukua namba ya chesisi, uiingize kwenye ukurasa wa Toyota wa Japani wa magari yaliyoitwa, uone kama hilo limo na kama lilitengenezwa. Na ukiwasha swichi, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa.

Rafiki yako anayesifia Honda Fit hakosei. Nafasi ya nyuma ni kubwa zaidi, kwa kuwa tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Ukipata iliyotunzwa, ichukue kabla ya Vitz iliyochoka. Redio isikusumbue: ya Kijapani inaanzia 76 na kukomea 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kifaa cha kuiongezea masafa si ghali. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, iangalie kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa macho yako, na jina la benki likiwamo, usitoe hata shilingi.

Mpigie huyo bwana umwambie utakuja Jumamosi saa moja asubuhi, na umwombe asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, ameshalipasha. Nitavuka na feri ya saa kumi na mbili pamoja na fundi wangu, tukukute Bamburi stejini. Kanga ya kulalia nitabeba mimi. Pesa ziache benki siku hiyo.

Mamako,
Likoni