Maswali yenu ya umeme: hita, friji, sola na kile kiboksi cha kuchomeka

Haya, maswali ya umeme yamejaa mpaka nimeona niyaweke pamoja, yanayofanana nimeyajibu kwa mkupuo. Kitu kimoja tu tushike kabla hatujaendelea, uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja, yaani wati mara saa, basi. Nusu ya majibu humu yanatoka hapo.

Nimebadilisha taa zote nikaweka LED lakini umeme unaisha vilevile, shida nini?

Shida haikuwa taa. Kama ulitoa zile balbu za zamani za wati 60 ukaweka LED za wati 9 hapo utaona tofauti, lakini wengi walishaziacha hizo zamani, wanatoa zile za kujikunja za wati 14 hivi. Sasa piga hesabu, taa sita, umeokoa wati 5 kila moja, zinawaka saa tano, jumla wati-saa 150, haifiki hata robo ya uniti kwa siku. Umeme unaliwa na vitu vya joto: hita ya kuogea, jiko, birika, pasi, drayer ya nywele. Hita ya shawa ya wati 4,500 mtu akioga dakika 20 ni uniti moja na nusu, na LED moja ya wati 9 ili ifikishe hiyo inabidi iwake karibu wiki nzima mchana na usiku. Mkiwa wanne nyumbani na kila mtu anaimba bafuni, we endelea tu kuzima taa za korido.

Punguza muda wa kuoga, chemsha maji ya kikombe unachokunywa na sio birika zima, nguo piga pasi kwa pamoja badala ya shati moja kila asubuhi.

Nahisi mita yangu inakimbia, au kuna mtu kajiunganishia. Nitajuaje?

Hili nalipenda kwa sababu unaweza kulipima mwenyewe bila kufungua kitu. Angalia usoni kwa mita, nyingi za kisasa zina kitaa kidogo chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kikiwaka mara 1,000 umetumia uniti moja, kwa hiyo kila kikiwaka ni wati-saa moja. Chukua simu, hesabu sekunde kuanzia kinapowaka mpaka kinapowaka tena, halafu gawa 3,600 kwa hizo sekunde. Ukipata sekunde 36 nyumba inakula wati 100 muda huo, ukipata sekunde 3 inakula wati 1,200, kuna mtu kawasha kitu cha joto. (Kama mita yako imeandikwa 1600 au namba nyingine hesabu inabadilika, zidisha 3,600 kwa 1,000 halafu gawa kwa namba hiyo, kisha ndo ugawe kwa sekunde.)

Sasa zima meni swichi. Kitaa kikiendelea kupepesa wakati nyumba yako yote imezimwa, basi kuna waya umechukuliwa kabla ya meni swichi au mita yenyewe ina walakini, waite wenye mita na usiiguse. Kikitulia, washa meni ila chomoa kila kitu kwenye soketi, halafu rudisha kimoja kimoja huku unahesabu. Utashangaa, mara nyingi mwizi ni dikoda au spika ya redio iliyobaki kwenye soketi mwaka mzima, au hita ya tanki ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kuna kiboksi kinauzwa, unachomeka tu kwenye soketi bili inashuka nusu. Ni kweli?

Hapana. Ukikifungua ndani unakuta kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi) na taa ya kijani ya kukufurahisha. Kapasita inasaidia viwanda vyenye mota kubwa ambavyo vinalipishwa kwa namna nyingine, ila mita ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia kweli na hizo kiboksi hakizigusi. Weka hela yako mfukoni.

Nikizima friji usiku nitaokoa?

Kidogo sana, na asubuhi kompresa (ile mota ya friji) itafanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi, tena chakula kinaweza kuharibika. Friji haivuti umeme muda wote, kompresa inawaka na kuzima, kwa hiyo kazi yako ni kuifanya izime muda mrefu zaidi. Chukua karatasi, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, ivute. Ikitoka kirahisi bila kushikwa, raba ya mlango imechoka, zunguka mlango wote hivyo hivyo, hasa kona ya chini upande wa bawaba ambako watu hawaangaliagi. Raba inabadilishwa, na wakati mwingine ni uchafu tu, ifute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nyuma kama kuna zile bomba nyeusi toa vumbi na uisogeze kutoka ukutani, maana joto linatokea hapo. Sufuria ya moto ipoe kwanza. Na ubaridi wa nyuzi 4 unatosha kabisa, hakuna haja ya kukaza mpaka maji yagande.

Nataka sola ya friji, TV na taa. Ninunue paneli ya wati ngapi?

Umeanzia mwisho, anza na matumizi. Tuseme friji inakula wati-saa 1,000 kwa siku (pima yako kwa ile njia ya mita, ila zinakuja wati za kompresa ikiwaka, zidisha kwa saa inazowaka kwa siku), TV ya wati 80 saa tano ni 400, taa sita za wati 9 saa tano ni 270, ongeza za simu, tufunge 1,700. Njiani kuna upotevu, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) inakula chake, betri chake, waya, vumbi, kwa hiyo gawa kwa 0.7 upate kama 2,430. Jua lenyewe usihesabu saa 12, jua la nguvu kamili kwa siku ni kama saa 4 au 5 sehemu nyingi zenye jua zuri, ukigawa kwa 5 ni wati 490 na kwa 4 ni wati 610. Mimi ningechukua 600 kwenda juu kwa sababu mawingu hayapigi hodi.

Betri ndo watu wanapigwa. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, kwenye makaratasi ni wati-saa 1,200 (12 mara 100) lakini ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 hata zaidi na inaishi miaka mingi, bei yake ya kununua ndo inauma. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave, umeme laini kama wa mtandao) na yenye nafasi, kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake.

Na paneli usiilaze juu ya bati bila nafasi. Wati za lebo zimepimwa paneli ikiwa nyuzi 25, ikipata moto inapungua karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, ikifika 60 umepoteza kama asilimia 14. Kivuli cha tawi moja nacho kinaweza kuangusha umeme wa mstari mzima wa paneli.

Nina sola iliyounganishwa na gridi (umeme wa nguzo), mbona umeme ukikatika na mimi giza?

Imetengenezwa hivyo makusudi, inveta ya gridi inajizima ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi anaweza kuwa amezishika juu ya nguzo. Ukitaka mwanga wakati huo unahitaji betri na inveta inayojitenga na gridi. Na wale wa kuchomeka jenereta kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili acheni leo hii, mnaweza kumuua huyo fundi au mtoto atakayeshika plagi iliyo wazi, wekeni chenji-ova (swichi ya kuchagua ama umeme wa gridi ama jenereta, sio vyote). Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake una hewa ya sumu ambayo haina harufu.

Nimeona video mota inazungusha jenereta na jenereta inaiwasha mota, milele. Nitengenezeje?

Haitengenezeki. Kila mzunguko kuna joto na msuguano unaopotea, hiyo kitu inasimama ndani ya sekunde chache, kwenye video kuna waya au betri imefichwa. Kwa aliyeuliza kama baiskeli inaweza kuzalisha umeme kwa kukanyaga, hiyo inafanya kazi kweli, mtu wa kawaida anatoa kama wati 75 hadi 100 akikanyaga kwa utulivu. Uniti moja ni kukanyaga saa kumi au zaidi, ila simu itajaa vizuri tu.