SSD inayosoma afya asilimia 71: jibu kwa aliyeshauriwa arudi kwenye diski ya kuzunguka

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba umenunua kompyuta mpakato iliyotumika pale Mwanjelwa, SSD yake (diski ya kuhifadhi data isiyo na sehemu inayozunguka) ya gigabaiti 240 inasoma afya asilimia 71, yaani makadirio ya maisha yake yaliyobaki, na fundi amekushauri urudishe diski ya kuzunguka kwa sababu SSD "huisha kama betri". Nina steshenari hapa Mbeya kwa mwaka wa tisa sasa na kompyuta zake nazitengeneza mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Fundi hajakosea kabisa. Seli za SSD hutunza data kwa kuzuia chaji ya umeme nyuma ya utando mwembamba wa kuhami, na kila seli zinapofutwa na kuandikwa upya utando huo huchakaa kidogo. Seli za TLC, zinazobeba biti tatu kila moja na ambazo zimo katika SSD nyingi za bei ya kawaida, huvumilia takribani mara 1,000 hadi 3,000, na zile za QLC zenye biti nne huvumilia pungufu ya hapo. Kwa kuwa kusoma hakuzichoshi kwa kiasi cha kukusumbua, watengenezaji huweka kikomo cha dhamana kwa terabaiti zinazoandikwa, yaani TBW: Kingston A400 ya gigabaiti 240 imepewa 80, na Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imepewa 300. Ukivuka kikomo hicho unapoteza dhamana, lakini diski haizimiki siku hiyo.

Diski ya kompyuta yangu ya kaunta, inayoshinda ikichapa barua na kuskani vyeti, imeandika terabaiti 21 kwa miaka mitano, sawa na gigabaiti 11 na nusu kwa siku. Kikomo chake ni 80, hivyo kwa mwendo huo imebakiza miaka 14, na kompyuta yenyewe sitarajii kuwa nayo wakati huo. Kwa hiyo asilimia 71 peke yake haikuambii lolote mpaka ujue zile 29 zimeliwa kwa muda gani. Kama ni miaka minne, una zaidi ya miaka tisa mbele yako. Kama ni miezi sita, kuna kitu kinaandika mfululizo, na katika mashine ndogo mara nyingi chanzo ni rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) finyu: Windows ikikosa nafasi kwenye rami huhamishia kazi zake kwenye diski, kutwa nzima. Kuongeza rami kutakusaidia kuliko kubadilisha diski. SSD yenyewe pia usiijaze hadi pomoni, kwa sababu SSD huandika kwa kurasa ndogo lakini hufuta kwa bloku kubwa, na ikikosa nafasi huru hulazimika kuhamisha data ya zamani kila mara, ikijichakaza kwa uandishi ambao wewe hukuuomba.

Matumizi yanayoimaliza kweli niliyaona kwa mteja mwenye ghala la viazi Uyole. Alifunga SSD ya aina hiyo hiyo ya TBW 80 kwenye mashine ya kamera nane, akiridhika kwamba inatunza picha za saa 33 tu kwa kuwa alichohitaji ni kuona usiku uliopita. Kila kamera ilituma megabiti 2 kwa sekunde. Zote pamoja ni megabiti 16, yaani megabaiti 2 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), karibu gigabaiti 173 kwa siku. Baada ya miezi 13 afya ilikuwa imebaki asilimia 15. Hapo diski ya kuzunguka iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ndiyo ilistahili, na ndiyo niliyomfungia.

Hata hivyo, SSD pekee iliyowahi kunifia haikufa kwa kuchakaa. Ilikuwa na afya asilimia 96, umeme ukakatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache wakati wa mvua za Januari, na asubuhi ikajitambulisha kwa jina geni, bila faili hata moja. Kontrola, chipu inayoiendesha SSD, hutunza ramani ya mahali kila data ilipo, na umeme ukikatika katikati ya kuiandika, ramani inaweza kuharibika ilhali seli zote ni nzima. Asilimia ya afya haipimi hatari hiyo. Tasnifu za wanafunzi watatu zilikuwemo, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na nakala kwenye barua pepe. (Tangu siku hiyo kompyuta ya kaunta ina UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme unapokatika, na kila jioni nanakili kazi za wateja kwenye diski ya nje.)

Kuhusu mchangiaji aliyedai baridi ya Makete inaua SSD: diski iliyozimwa hutunza chaji vizuri zaidi mahali pa baridi kuliko penye joto, kwa hiyo hilo lisikutishe. Ila usiifungie kabatini miaka mingi ukiitegemea kama ghala la kumbukumbu, hasa ikiwa imeshatumika sana.

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, uweke hapa picha ya skrini inayoonyesha saa ilizowashwa na jumla ya data iliyoandikwa, kabla hujamlipa fundi chochote.