Deni la samaki na Baba Yetu

Mwaka ule nilikuwa katibu wa jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki wa mtaani tunaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu, na mwaka uleule nilikuwa namkimbia mtu anayenidai. Wala sikuona ajabu.

Mimi hukaanga samaki hapa Bagamoyo. Asubuhi nashuka pwani mnadani, nanunua vibua au changu, mara mojamoja kolekole nikiwa na mtaji, na ikifika alasiri karai liko motoni. Si kila siku mtu ana fedha mkononi. Ukishazoeleka, dalali anakuandikia, unabeba fungu lako, unalipa ukiuza. Mimi nilizoeleka kwa mzee mmoja. Kisha mtoto akaugua, mtaji ukaliwa na dawa, deni likafika shilingi 130,000, nami nikabadilisha njia. Nikawa nanunua upande mwingine kabisa wa soko, khanga nimeishusha mpaka machoni kama mgeni wa mji.

Jumamosi moja zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu. Katikati ya rozari, na anayeongoza ni mimi, nikamwona mzee anaingia uani. Moyo ukanipasuka. Yeye ni Mwislamu, lakini alivuta kiti cha plastiki chini ya mwembe, akatulia mpaka tukamaliza. Nikamwamkia shikamoo macho chini. Akaitikia, akauliza hali ya mtoto, halafu akasema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie, "Mwanangu, kesho unashuka pwani?"

Basi. Deni hakulitaja. Angelitaja mbele ya wenzangu ningepata nafuu, maana ningepata sababu ya kumchukia.

Sisi Wakatoliki kwenye Baba Yetu tunasali "utusamehe makosa yetu." Usiku ule nilifungua Biblia, Mathayo 6:12, nikakuta: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni! Najua katekista ataniambia ni deni la dhambi, na sibishani naye. Lakini mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la mwenzake, na nyumbani ana daftari lake la kuwadai wengine, halipiti neno hilo hivihivi. Tena katika mji huu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, walitoa fedha kuwakomboa watumwa, wakawapa pa kuishi kwenye ardhi ya misheni. Hapa kwetu neno kukomboa lilikuwa na bei, mtu alihesabu fedha akaziweka mezani. Mimi nilikuwa naliimba tu kanisani.

Kwa hiyo ukiniuliza Mkristo aanzie wapi kuishi imani yake siku za kazi, nakwambia anza na anayekudai. Mwendee kabla hajakufuata, na usiende na maneno ya "Mungu atafanya njia." Nenda na kiasi. Jumapili ile, baada ya misa ya kwanza, nilimpelekea 10,000, nikaahidi 5,000 kila nitakaposhuka mnadani. Zilitimia safari 24 za kulipa. Zilikuwepo na nyingine, siku bahari imechafuka na sikuuza kitu, nilizopita mikono mitupu kumwambia, mzee, leo sina. Hizo ndizo zilizonichosha. Kulipa si kazi kubwa kama kujitokeza huna.

Kipindi hicho sadaka yangu kanisani ilipungua. Zamani nilitumbukiza noti, tena kwa madaha, jirani wa benchi aione. Noti ile ilikuwa ya mzee.

Upande wa pili, wa wale ninaowadai mimi, bado najifunza. Kuna mama alichukua samaki kwangu miezi miwili, mumewe hana kazi. Kwaresima nilichukua kalamu nikamfuta, nikamwambia kabisa kwamba nimemfuta, maana msamaha usioutangaza kwa mhusika unamwacha akikukwepa barabarani kama nilivyomkwepa mzee. Kijana mmoja mwenye mshahara yeye sikumfuta. Nilimdai mpaka akalipa, na sasa simkopeshi. Wapo watakaosema huo si Ukristo. Mimi naona kusamehe ni jambo moja, na kumlea mtu katika ujanja ni jingine. Ila jina lake sikulibandika ukutani, ingawa vidole viliniwasha.

Halafu kuna samaki aliyelala. Wenzangu wa karai wanajua: samaki wa jana anatiwa ndimu nyingi na pilipili, anakaushwa mpaka anakuwa mgumu, mteja hajui. Nimeshafanya. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na sidhani ndimu ya hadaa ina unafuu wowote. Siku hizi aliyelala barafuni namweka pembeni ya sinia, namtaja, bei nashusha. Faida inapungua, siwezi kukudanganya. Zipo jioni ninazorudi na mtaji tu.

Sala je? Muuza samaki hana saa nzima ya kupiga magoti. Saa sita mchana nasali Malaika wa Bwana huku nakwangua magamba, mikono inanuka, na adhana ya adhuhuri nayo haiko mbali. Majirani wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani siwashi karai mchana, nangoja jioni, watu wapate kitoweo cha futari. Kuku wa Krismasi namwita jirani aje achinje, ili pilau likiiva wote tule. Haya hakuna aliyenihubiria, ni adabu tu ya kukaa pwani, na mtu akikosa adabu hii sijui Injili yake itasikilizwa na nani.

Jumamosi iliyopita zamu ya jumuiya ilirudi kwangu. Mzee akaja tena, akavuta kiti kilekile chini ya mwembe, safari hii na kolekole wawili kwenye ndoo. Tulipomaliza rozari nikamuuliza kama ni zawadi. Akacheka, akanitajia bei.