Maswali na Majibu ya Teknolojia: Barua Pepe Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Maswali ya safari hii yametoka Kilwa hadi Tandahimba, na mengi yanazunguka jambo ambalo sichoki kulisema: mwanafunzi ana cheti chake kabatini, lakini anwani ya barua pepe anayoombea chuo inamilikiwa na mtu mwingine. Yale niliyokwisha kuyajibu mara nyingi nimeyajibu kwa ufupi, na muulizaji asinune.

Shikamoo mwalimu. Nilipomaliza kidato cha sita, kijana wa steshenari hapa Masasi alinifungulia barua pepe ili niombe chuo na mkopo. Sasa nywila siijui, namba ya simu iliyowekwa ni yake, naye amehamia Dar es Salaam. Nifanyeje? (Mhitimu, Masasi)

Marahaba. Usikimbilie kufungua anwani nyingine, kwa sababu hiyo ya kwanza ndiyo iliyoandikwa kwenye maombi yako, na taarifa ya kiambatisho kilichokosekana au ya kuchaguliwa itatumwa huko. Kama ni Gmail, rudi kwenye steshenari ile ile, omba ukae kwenye kompyuta ile ile iliyotumika kuifungua, kisha uanze hatua za kurejesha akaunti ukiwa hapo, kwa maana Google huangalia kifaa na mahali palipozoeleka inapopima kama anayeomba ndiye mwenye akaunti. Huenda ukakuta nywila ingali imehifadhiwa kwenye kivinjari cha kompyuta hiyo; jambo hilo litakufaa leo, lakini likutie hofu pia, kwa kuwa lingeweza kumfaa yeyote aliyeketi hapo kabla yako. Ikishindikana, mpigie yule kijana ukiwa tayari mbele ya skrini, kwani tarakimu zitakazotumwa kwenye simu yake huisha muda wake upesi. Ukishaingia, badili nywila, futa namba yake, weka yako au ya mzazi, na uiondoe akaunti kwenye vifaa vingine vyote.

Sasa niseme usiloniuliza. Mwenye steshenari hana kosa kukusaidia kujaza fomu, na wengi wao ni waaminifu kuliko tunavyowasema; kosa linaanza pale unapomwachia aweke namba yake kwa kuwa foleni ni ndefu na simu yako umeiacha nyumbani. Wataalamu wengi wanakataza kuandika nywila kwenye karatasi, lakini kwa mwanafunzi asiyeruhusiwa kuwa na simu shuleni, mimi naona daftari linalofungiwa sandukuni kwa mama ni salama kuliko kichwa cha mtu wa steshenari. Kumbuka pia kwamba tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, hivyo aliyefunguliwa anwani akiwa kidato cha tatu na kuisahau asishangae kuikosa akifika chuoni. Na kwa wale wa kidato cha nne wanaotaka kubadili tahasusi kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI, kaeni wenyewe mbele ya skrini na msome kilichochaguliwa kabla hakijatumwa, kwa sababu atakayeishi na tahasusi hiyo miaka miwili si yule aliyebonyeza kitufe.

Nimepokea ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Je, ni wa kweli? (Mwanafunzi, Ruangwa)

Si wa kweli, haukuwa wa kweli mwaka jana, na hautakuwa wa kweli mwakani; upeleke kwenda namba 15040, ile ya kuripoti ujumbe wa utapeli, kisha uufute.

Nilitumia programu ya akili unde (AI) kuandika kazi ya historia kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Iliandika kwamba mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Dar es Salaam, na mwalimu akanipa sifuri. Kosa ni langu au la programu? (Kidato cha tatu, Lindi)

Ni lako, kwa sababu programu haina namba ya mtihani. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ikasafirishwa, na mifupa mikubwa ya yule mjusi, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan brancai, imesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hoja ya kurudishwa kwake imefika hadi bungeni, na mtoto wa Lindi angeweza kumuuliza babu yake akapata jibu sahihi bure.

Programu hizi haziendi maktaba kukutafutia ukweli. Kazi yake ya msingi ni kukisia neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi ziliyofunzwa nayo, na kuhusu mikoa yetu maandishi hayo ni machache, zaidi yale ya Kiswahili. Pengo linapokuwepo, hulijaza kwa sentensi iliyonyooka na yenye uhakika wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Zitumie kukueleza upya kanuni ya fizikia uliyoshindwa kuielewa darasani, au kukutungia maswali ya kujipima, kisha ulinganishe na kitabu. Usizitumie kwa majina, miaka na mahali. Usizibandikie pia picha ya kitambulisho au cheti chako. Wapo wanaofanya hivyo ili "iwajazie fomu".

Fedha za mnada wa korosho zimeingia, nataka kumnunulia binti yangu kompyuta mpakato iliyotumika. Muuzaji anasema ina Windows 10 na ni nzuri sana. Ninunue? (Mzazi, Newala)

Mzazi wangu, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize muuzaji kama mashine inapokea Windows 11. Kwa zile zenye prosesa ya Intel, kwa kawaida huwa ni za kizazi cha nane au zaidi. Tafuta yenye diski ya SSD (ile ya kasi, isiyo na sehemu zinazozunguka) na kumbukumbu (RAM) ya GB 8, uichomoe kwenye umeme ukiwa bado dukani, na uone inakaa muda gani, kwa kuwa betri ndiyo inayokuwa imechoka kwenye mashine hizi. Kama bei imekubana, ya zamani yenye Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inatosha kabisa kwa kuandika na kusoma. Dai risiti yenye namba ya mashine, na akaunti ya kuingilia ifunguliwe kwa jina la binti. Mashine iliyobaki na akaunti ya muuzaji bado iko nusu mikononi mwa muuzaji.

Mwalimu, tunaomba kundi la Telegram lenye mitihani ya NECTA ya mwaka huu. (Wengi, wasiotaja majina)

Hapana. Mnachouziwa ni karatasi za kubuni, na mtihani halisi ukipatikana kwa njia hiyo, matokeo ya mwenye kuutumia hufutwa. Mitihani iliyopita ipo, na hiyo ndiyo ya kusoma.

Mei 2024 intaneti ilizorota siku kadhaa. Hapa kwetu wanasema kimbunga Hidaya ndicho kilichokata nyaya. Ni kweli? (Kilwa Masoko)

Naelewa mlivyounganisha mambo hayo, kwa sababu Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei na mvua zake zikaikata barabara yenu, lakini intaneti ilizorota tarehe 12 Mei baada ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom kukatika kwenye maji ya Afrika Kusini. Hitilafu ya mbali namna hiyo haina taarifa ya kabla, kwa hiyo vitabu na mitihani ya zamani vipakuliwe mapema. Programu ya Kiwix hukuwezesha kusoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila mtandao, ukishaipakua mara moja, na shule yenye kompyuta moja inaweza kuigawa kwa flashi.

Flashi ya TB 2 kwa shilingi elfu ishirini, ni halali? (Mikindani)

Ni feki. Imechezewa ili ionyeshe nafasi isiyo nayo, na mafaili yanayozidi uwezo wake huharibika kimyakimya. Ipime kwa programu ya H2testw mbele ya muuzaji. Akikataa, mrudishie flashi yake.