Maswali ya wasomaji: Mkopo wa asilimia kumi na majina matatu ya ziada

SWALI: Mhariri, sisi ni wanawake saba wa Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukinunua alizeti wakati wa mavuno, tunaikamulisha kwenye mashine ya mtu mwingine na kuuza mafuta. Sasa tunataka mashine yetu, na tumesikia kwamba halmashauri hukopesha vikundi bila riba. Jirani yetu mmoja anadai ana watu wake ofisini, na kwamba maombi yetu yatapita upesi tukiingiza majina ya ndugu zake watatu na kumwachia fungu lake mkopo utakapotoka. Anasema pia kwamba fedha hizo ni za serikali na hakuna anayekuja kuzidai. Mwenzetu mmoja ana ulemavu wa mguu. Tufanye nini? (Mama wa alizeti, Iramba)

JIBU: Mama, nakuomba wewe na wenzako mkatae majina hayo matatu, na mkatae kabla hata ya kuandika barua ya maombi. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu neno la jirani yenu kwamba fedha hizo hazina mwenyewe limeharibu mambo mengi katika nchi hii.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yakiondolewa yale yaliyolindwa kisheria, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo hutokana na vyanzo kama ushuru wa mazao, leseni na ada za masoko. Kwa hiyo sehemu ya fedha mnazotaka kukopa imekatwa kwenye alizeti ileile ambayo ninyi na wakulima wa kwenu mmekuwa mkiiuza. Mnapoomba mkopo huo mnadai kilicho haki yenu kisheria, na hakuna anayestahili kulipwa kwa kuwafungulia mlango.

Fungu lenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani. Tuchukue mfano wa halmashauri yenye kata 25, ambayo mapato yake yanayohesabika ni shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Asilimia 10 ni milioni 300, na fungu la wanawake ni milioni 120, yaani wastani wa milioni 4.8 kwa kila kata. Marejesho ya vikundi vilivyotangulia huongezwa humo na kukopeshwa tena, na ndiyo maana kikundi kisicholipa huwa kimemnyang'anya mkopo mwanamke mwingine aliye kwenye foleni.

Mwezi Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hii nchi nzima, baada ya taarifa za ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza habari za vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya na uchunguzi mkali zaidi wa waombaji, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Kinachoniuma ni kwamba waliokaa zaidi ya mwaka mzima bila mtaji ni wanawake wa vikundi vya kweli kama chenu, wakati waliokula fedha hizo walikuwa wameshakula.

Sasa tazameni hesabu ya jirani yenu. Tuseme mmepewa milioni 10, naye akachukua milioni 2. Mtabaki na milioni 8 za kununulia mashine, lakini halmashauri itawadai milioni 10 kamili. Mkopo ulioitwa hauna riba utakuwa umewatoza asilimia 25 ya kile kilichowafikia, na riba hiyo imelipwa mwanzo, kabla mashine haijakamua hata lita moja. Tena dhamana ya mkopo huu ni kikundi chenyewe: wale ndugu watatu wasipoonekana siku ya marejesho, watakaoitwa ni ninyi mnaojulikana mnapokaa. Akiendelea kuwashawishi, au mtumishi yeyote akiwadai chochote, pigeni simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo haina malipo.

Njia ya halali huanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Yeye ndiye atakayewaongoza kusajili kikundi, kuandika katiba yake, kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi na kuingiza maombi katika mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Kila mwanachama awe na kitambulisho cha taifa. Andiko la mradi ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa huandikwa na mtu wa steshenari asiyeijua biashara yenyewe. Liandikeni ninyi: mlinunua magunia mangapi msimu uliopita na kwa bei gani, gunia moja lilitoa lita ngapi, mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, mliyauza wapi, na mlilipa kiasi gani kukamulisha. Ambatanisheni profoma, yaani hati ya bei ya mashine kutoka kwa muuzaji. Ombeni pia ratiba ya marejesho ifuate mavuno, kwa sababu rejesho kubwa likiangukia miezi ambayo alizeti haipatikani litawalazimu kuuza mashine mliyoikopea.

Mwenzenu mwenye ulemavu anaweza kubaki nanyi kama mwanachama kamili. Ajue tu kwamba lipo lile fungu la asilimia 2, na kwamba marekebisho ya kanuni ya mwaka 2021 yalimfungulia mtu mwenye ulemavu nafasi ya kukopa peke yake. Uamuzi uwe wake, na asisukumwe kokote kwa kuwa jina lake linapendezesha orodha.

SWALI: Sisi vijana tulikopa, tukanunua mashine za kuchomelea, na deni tunalipa. Shida yetu ni wateja. Je, tunaweza kupata kazi za serikali? (Fundi, Kahama)

JIBU: Mnaweza. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni hizo hutangazwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii awaelekeze namna ya kusajili kikundi humo, kisha anzeni na kazi ndogo, kama madawati ya shule moja. Wekeni akiba ya fedha za vyuma na umeme ya kutosha miezi kadhaa, kwa sababu malipo ya taasisi za umma huweza kuchelewa, na rejesho la mkopo wenu halitayasubiri.