Jibu: Redifishi wakubwa Louisiana mwezi wa kumi

Mkuu, umeuliza utawapata wapi redifishi wakubwa (samaki wa pwani, kwa Kiingereza red drum) huku Louisiana, Marekani, mwezi wa kumi, na umesema majira yote ya joto umepata wadogo tu kwenye vijito vya ndani. Hapo ndipo ulipokosea. Kuanzia Agosti hadi Novemba wakubwa husogea kwenye milango ya bahari, yaani mianya inayounganisha maji ya ndani na bahari, kutaga mayai, kwa hiyo toka huko kwenye nyasi. Jaribu upande wa kisiwa cha Grand Isle, pale kwenye mlango wa Barataria Pass.

Vuli ya huku si ya mvua kama ya kwetu. Upepo baridi wa kaskazini ukivuma unasukuma maji nje ya kinamasi, na kamba na mikizi wanatoka nayo. Maji yakipwa, simama pale kijito kinapomwaga, tupa chambo ukingoni mwa mkondo, kisha tulia. Mimi natumia nusu ya kaa bila gamba la juu, maana kamba huliwa na vidagaa kabla mkubwa hajafika. Chubwi liwe zito la kutosha kukaa chini.

Tumia ndoana ya mviringo (ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani), na samaki akiuma usiivute kwa pupa! Acha fimbo ipinde yenyewe. Mwaka jana nilikatikiwa na mshipi mara mbili kwenye magamba ya chaza, tangu hapo nafunga kipande kinene cha mshipi mwishoni, karibu na ndoana.

Redifishi akizidi inchi 27 ni lazima umrudishe majini, sheria ya 2024 hiyo. Mshike tumboni kwa mikono iliyolowa, usimning'inize kwa taya. Wa kula ni wa inchi 18 hadi 27, wanne kwa siku.